Chuo chenye jina au chuo chenye uuguzi? Mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa Unguja na Pemba

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, kawaida mwezi wa Julai, swali linaloulizwa barazani ni moja tu: "Umepata chuo gani?" Ni wachache wanaouliza umepata kozi gani. Ndiyo maana kila mwaka wapo vijana wetu wanaojikuta na nafasi mbili mkononi: moja ya chuo ambacho kila mtu anakijua, katika kozi isiyokuwa uuguzi, na nyingine ya uuguzi katika chuo ambacho bibi yake Micheweni hajapata kukisikia. Muda wa kuchagua ni siku chache, na kila mtu nyumbani ana rai yake.

Mwongozo huu ni wa kijana huyo na wazazi wake. Nauandika kwa kufuata mpangilio wa maamuzi yenyewe: lipi litangulie na lipi lisubiri. Waliokwishaamua kuwa hawataki uuguzi wanaweza kurukia sehemu ya chuo chenye jina.

Hatua ya kwanza: amua kazi kabla ya chuo

Swali la "niende chuo gani" lina maswali mawili ndani yake, na watu hulijibu la pili kabla ya la kwanza. La kwanza ni hili: unataka kuwa muuguzi?

Linatangulia kwa sababu uuguzi ni taaluma inayolindwa na sheria. Mtu aliyesoma biashara anaweza kufanya kazi benki, hotelini, au kwenye shirika lisilo la kiserikali, na mwajiri atampima kwa jina la chuo, kwa uzoefu na kwa namna anavyojieleza. Hospitali haiendi hivyo. Usipokuwa na masomo ya uuguzi yanayotambuliwa, usajili wa baraza la wauguzi na leseni, huruhusiwi kufanya kazi ya muuguzi, hata kama cheti chako kimetoka chuo bora kuliko vyote Afrika Mashariki. Aliyesoma baiolojia Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akatoka na daraja la kwanza ni mtaalamu wa baiolojia. Akitaka kuwa muuguzi, anaanza upya.

Kwa hiyo jipe mtihani huu kabla ya mwingine wowote. Badilisha majina ya vyuo kichwani mwako: uuguzi uwe ndio unaosomeshwa kwenye kile chuo kikubwa, na ile kozi nyingine iwe kwenye chuo kidogo. Sasa ungechagua ipi? Ukiona moyo umeifuata kozi ya pili hata ikiwa kwenye chuo kidogo, hutaki uuguzi. Ukiona moyo umeufuata uuguzi kwa furaha, angalia tena: ni uuguzi, au ni jina tu limehama? Ukiwa mkweli, dakika tano zinatosha kukuonesha unachokimbilia.

Halafu nenda ukaione kazi yenyewe. Usimuulize ndugu yako mwenye cheo wizarani, muulize anayeshika zamu. Watafute wauguzi wawili watatu wa mazingira tofauti: mmoja wa wodi ya wazazi Mnazi Mmoja au Abdalla Mzee kule Mkoani, mmoja wa kituo cha afya cha kijijini, na kama ukimpata, mmoja wa Kidongo Chekundu anayehudumia wagonjwa wa akili. Waulize zamu ya usiku inakwendaje, wanahudumia wagonjwa wangapi kwa mara moja, wanafanya nini dawa zikiisha, na nini hasa kinachowachosha. Kazi ya muuguzi ni pamoja na kumgeuza mgonjwa asiyeweza kujigeuza, kuosha kidonda kinachonuka, kumkimbiza mama anayetoka damu baada ya kujifungua, na kusimama mbele ya jamaa wenye hasira wakati daktari hajafika. Ni pamoja pia na kumwona mtu aliyeletwa kwa machela akitoka kwa miguu yake. Kama unayaweza ya kwanza kwa ajili ya hili la mwisho, endelea.

Kwa wavulana: wodi zetu zina wauguzi wanaume, na hakuna sheria inayowazuia. Maneno ya mtaani utayasikia, yatapita.

Sababu moja peke yake nisingeitegemea, nayo ni "uuguzi una ajira". Upungufu wa wauguzi ni wa kweli, lakini upungufu na nafasi za ajira ni vitu viwili: nafasi hufunguliwa kwa bajeti. Wapo wahitimu wanaosubiri. Aliyechukua uuguzi kwa ajili ya mshahara peke yake atakuwa na wakati mgumu wa kungoja, na mgumu zaidi akishaajiriwa.

Hatua ya pili: pima alama zako, tena kwa kila somo

Hapa ndipo ndoto nyingi hukatika, na mara nyingi ni kwa kutosoma maandishi madogo. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili kwa waliomaliza kidato cha sita, na mwingine kwa wenye diploma. Ni bure, uko kwenye tovuti yao, na kila kozi ya kila chuo imeandikiwa masharti yake. Soma wa mwaka wako, usisome wa kaka yako.

Alama huhesabiwa hivi: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa shahada ya uuguzi, masharti yaliyozoeleka ni kufaulu masomo matatu: kemia, baiolojia, na la tatu liwe fizikia, au kwa vyuo vingine hisabati ya juu au lishe, jumla isipungue pointi 6. Juu ya jumla hiyo kila somo lina kima chake: C ya kemia, D ya baiolojia, na angalau E ya hilo la tatu.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi ana D ya kemia, B ya baiolojia na C ya fizikia. Jumla yake ni pointi 9, zaidi ya 6 zinazotakiwa. Lakini kemia yake ni D, na palipoandikwa C atakataliwa. Mwenzake ana C, D na E, jumla 6 kamili, na anakidhi. Basi usijisifu kwa jumla wala usijikatie tamaa kwa jumla. Chukua kalamu, weka alama ya kila somo mbele ya sharti lake.

Wanaoumia zaidi ni wa mchepuo wa CBG. Wana kemia na baiolojia nzuri, lakini somo la tatu ni jografia, na kozi nyingi za shahada ya uuguzi hazilitaji. Kama bado uko kidato cha nne na unaufikiria uuguzi, chagua PCB (fizikia, kemia, baiolojia), au CBN (kemia, baiolojia, lishe) pale inaposomeshwa. Ushauri huu ungetolewa skuli mapema, tungeokoa machozi mengi.

Tena kumbuka kwamba kima cha chini ni ruhusa ya kuomba tu. Waombaji wakiwa wengi kuliko viti, chuo huanzia juu kwenda chini. Mwenye pointi 6 anaweza kukosa Muhimbili na akapata kwengine kwa alama zile zile.

Hatua ya tatu: hakikisha chuo unachokitamani kina uuguzi, au hakina kweli

Wazee wengi wanaamini "chuo kikuu" ni mahali penye kila kitu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kikawa chuo kikuu cha taifa mwaka 1970, na kwa miaka mingi masomo ya udaktari na uuguzi ya Muhimbili yalikuwa chini yake. Mwaka 2007 Muhimbili ikajitenga ikawa chuo kikuu kamili cha afya na sayansi shirikishi, MUHAS. Kwa hiyo mzee anayekwambia "nenda Mlimani ukasome unesi" huenda anakumbuka mambo yalivyokuwa enzi zake. Leo anayetaka uuguzi Dar es Salaam haendi Mlimani, anakwenda Muhimbili. Mzumbe inajulikana kwa sheria, hesabu za fedha na utawala, Sokoine kwa kilimo na mifugo. Ni vyuo vya heshima, lakini havitakufikisha wodini.

Habari njema ni kwamba mara nyingi ushindani huu kati ya jina na uuguzi ni wa kujitakia. Vipo vyuo vyenye jina na uuguzi kwa pamoja: Muhimbili yenyewe, Chuo Kikuu cha Dodoma, KCMC kule Moshi, Bugando kule Mwanza, na kwa upande wa binafsi kuna Kairuki na Aga Khan hapo Dar es Salaam. Kwetu Unguja, Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichopo Tunguu kina shahada ya uuguzi na ukunga, na SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, kwa kampasi yake ya Mbweni, kilichokuwa Chuo cha Taaluma za Sayansi za Afya, ndiyo iliyosomesha wauguzi wengi utakaowakuta kwenye hospitali za visiwa hivi, hasa kwa ngazi ya diploma.

Ukiishaona orodha hiyo, swali linabadilika. Linakuwa "uuguzi wa chuo gani", na hilo linajibika kwa kuuliza maswali ya maana.

Hatua ya nne: kipime chuo cha uuguzi kwa vitu vya uuguzi

Sehemu hii ndiyo ninayotaka uikalie. Chuo cha uuguzi hakipimwi kwa geti lake wala kwa idadi ya maprofesa wa fani nyingine. Kipime kwa haya.

Hospitali ya mazoezi. Muulize ofisa udahili, au bora zaidi mwanafunzi wa mwaka wa tatu: mnafanyia mazoezi wapi, na mnaanza mwaka wa ngapi? Hospitali kubwa ya rufaa inakuonesha magonjwa ambayo hospitali ya wilaya haiyaoni. Lakini pana upande wa pili ambao watu hawausemi: kwenye hospitali kubwa, kitanda kimoja huzungukwa na wanafunzi wa udaktari, madaktari walio mafunzoni, wanafunzi wa diploma na wewe, na wewe unasimama nyuma ukichungulia. Hospitali ndogo yenye wanafunzi wachache inaweza kukupa kuzalisha, kuweka dripu na kuandika mafaili kwa mkono wako mwenyewe, ukisimamiwa. Swali zuri la kumuuliza mwanafunzi ni hili: "Wewe mwenyewe umeshazalisha akina mama wangapi?" Jibu lake lina uzito kuliko kipeperushi chochote.

Msimamizi wa wodini. Je, mwalimu wa chuo hufuatana nanyi hospitali, au mnaachiwa wauguzi ambao tayari wana wagonjwa wengi? Mwanafunzi asiyesimamiwa hujifunza makosa ya wodi, kisha hushindwa kuyaacha.

Chumba cha mazoezi. Kabla ya kumgusa mtu, unatakiwa ujizoeze kwenye sanamu za mgonjwa: kupima presha, kuingiza mpira wa mkojo, kumfufua aliyesimama moyo. Omba kukiona chumba hicho. Kama kimefungwa na ufunguo hajulikani anao nani, umeshajibiwa.

Waliotangulia. Waliomaliza miaka miwili mitatu iliyopita wako wapi? Walifaulu mtihani wa baraza kwa mara ya kwanza? Chuo kinachojiamini hulijibu swali hili bila kuzunguka.

Kutambuliwa. Kozi iwe imeidhinishwa na TCU, na mafunzo yenyewe yawe yanatambuliwa na baraza la wauguzi. Usikubali kuambiwa "tuko kwenye mchakato". Mchakato ukikwama, ni miaka yako inayokwama.

Muda. Shahada ya uuguzi ni miaka minne, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini kabla ya kusimama peke yako. Kwa hiyo unapopiga hesabu, piga ya miaka mitano. Yule rafiki yako aliyechukua kozi ya miaka mitatu atakuwa keshaanza kazi, au keshaanza kuitafuta, wakati wewe bado unavaa sare ya mwanafunzi. Jitayarishe kwa hilo moyoni.

Hatua ya tano: leseni, na mambo ya Muungano

Mzanzibari anapaswa kulijua hili kuliko Mtanzania mwengine. Katika orodha ya mambo ya Muungano, elimu ya juu imo, afya haimo. Matokeo yake ni kwamba TCU inasimamia vyuo vikuu vya pande zote mbili, na shahada ya Tunguu ni shahada sawa na ya Dodoma. Lakini ukishaingia hospitali, kila upande una wizara yake na baraza lake: Bara kuna Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, linalofanya kazi kwa sheria ya mwaka 2010, na Zanzibar ina baraza lake la wauguzi na wakunga.

Kwa hiyo aliyesoma Moshi akitaka kufanya kazi Chake Chake, asidhani usajili wa Bara unamalizia kila kitu. Aliyesoma Unguja akitaka kufanya kazi Muhimbili hivyo hivyo. Fanya jambo moja kabla ya kuthibitisha chuo: fika au piga simu kwenye baraza la upande unaotaka kufanyia kazi, uwatajie chuo na kozi, uwaulize mhitimu wake anasajiliwaje. Uliza pia huo mwaka wa mafunzo kazini unaweza kuufanyia upande gani, na kama una posho.

Wenye macho ng'ambo nao wana la kujua. Nchi za Ghuba, ambako ndugu zetu wengi wako, hutaka vyeti vyako vihakikiwe na kampuni kama DataFlow, inayowasiliana moja kwa moja na chuo, baraza na mwajiri wako wa zamani, kisha ufanye mtihani wa kompyuta. Hapo jina kubwa la chuo halikusaidii kitu kama ofisi yake ya kumbukumbu haijibu barua. Uingereza hutaka mtihani wa Kiingereza na wa taaluma, Marekani ina mtihani wake wa NCLEX. Na ujue kuwa Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na kwa sababu hiyo Uingereza hairuhusu waajiri na mawakala wake kuja kuwasaka wauguzi huku. Mtu binafsi anaweza kuomba mwenyewe. Wakala akikuomba pesa za "nafasi ya unesi London", zifunge pesa zako.

Hatua ya sita: hesabu ya pesa

Ada utaiona kwenye tovuti ya chuo, sitaipoteza karatasi kwa hilo. Zinazowashtua wazazi ni zile zisizoandikwa kwenye mstari wa ada: sare, viatu vya wodini, saa yenye mshale wa sekunde, kipimo cha presha, nauli ya kila siku kutoka dakhalia kwenda hospitali, na chakula cha siku za zamu. Kwa anayetoka Pemba kwenda Bara, ongeza boti mbili kila likizo. Chuo cha Tunguu kikiwa na ada kubwa kuliko cha serikali huko Bara, bado kinaweza kuwa rahisi zaidi ukijumlisha chumba, chakula na safari, khasa kama una jamaa wa kukaa kwake mjini. Piga hesabu yote, kwa miaka yote, kwenye karatasi moja.

Mikopo iko ya bodi mbili. Zanzibar ina Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ZHELB, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, na Muungano una HESLB. Soma miongozo ya zote mbili ujue kozi yako na chuo chako vimewekwa wapi, kisha uchague pa kusimama. Usipange kula sahani mbili. Tayarisha mapema cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo. Nyaraka hizi ndizo zinazochelewesha watu, na foleni yake hurefuka matokeo yakishatoka. Tena mkopo ni deni: kwa HESLB, mwenye mshahara rasmi hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka amalize.

Na mzazi wa Pemba, kwa heshima zote: usiiwekee ada ya mwaka wa pili matumaini ya karafuu za msimu ujao. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka, na chuo hakijui msimu.

Lini chuo chenye jina kishinde

Zipo hali ambazo ningemwambia kijana aende kwenye chuo chenye jina bila kusita. Kama mtihani wa kubadilisha majina umekuonesha kuwa uuguzi ulikuwa ni rai ya mama, nenda. Kama nafasi uliyoipata ni ya sheria, uhandisi au uchumi, na ndicho ulichokuwa unakitaka tangu skuli, nenda. Katika fani hizo jina la chuo na marafiki utakaowapata huko vina thamani ya kweli. Kama chuo cha uuguzi ulichopata kimeanguka kwenye maswali ya hatua ya nne, usikichukue kwa sababu tu kimeandika "uuguzi" kwenye ubao.

Isipokuwa hali moja: usiende kwenye chuo kisichokuwa na uuguzi kwa mpango wa "nitahamia baadaye". Kuhama chuo kunawezekana kwa utaratibu wa TCU, ndani ya muda wake, kwa mwenye sifa za kozi anayohamia, na huhamishiwi masomo usiyoyasoma. Mwaka mmoja wa sosholojia hauhesabiki kuwa mwaka mmoja wa uuguzi.

Na kwa aliyeumizwa na kukosa jina, jambo ambalo wengi hulisahau: jina unaweza kulipata baadaye. Soma shahada ya kwanza Unguja, pata leseni, fanya kazi, kisha nenda Muhimbili kwa shahada ya pili, ambako kuna fani kama uuguzi wa wagonjwa mahututi na wa afya ya akili. Njia ya kinyume, kuanza na jina kisha kutafuta leseni, inakugharimu miaka minne mingine.

Mlango wa pembeni: diploma

Ukikosa kima cha shahada, diploma si aibu. Ni miaka mitatu, inasimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, na huingiwa kwa matokeo ya kidato cha nne: ufaulu wa masomo manne, yakiwemo kemia, baiolojia na fizikia. Zingatia kwamba masomo ya dini hayahesabiwi katika hayo manne. Mwanafunzi wetu mwenye ufaulu mzuri wa Elimu ya Dini ya Kiislamu asiliweke kwenye hesabu. Mwenye diploma husajiliwa, hufanya kazi, na baadaye huweza kuomba shahada kwa njia ya sifa linganishi, akiwa na wastani unaotajwa kwenye mwongozo. Wapo wanaofika chuoni kwa njia hii wakiwa wanajua wodi kuliko wenzao wote darasani, na inaonekana.

Kuzungumza na nyumbani

Usitangaze uamuzi kwa ujumbe wa simu kwenye kundi la ukoo. Mtafute anayesikilizwa, mara nyingi si baba mwenyewe, ni ami au shangazi aliyesaidia ada tangu skuli. Mwendee na karatasi yako ya hesabu na ukurasa wa mwongozo. Mazungumzo huwa kama hivi:

"Ami, shikamoo. Chuo ulichokitaja hakina uuguzi."

"Marahaba. Basi anza nacho, utahamia huko huko."

"Hakuna pa kuhamia, ami. Nikimaliza nitakuwa na shahada ya kitu kingine, na uuguzi nianze mwaka wa kwanza."

"Na hicho cha Tunguu, watu watakichukulia vipi?"

"Hospitali itaniuliza leseni, ami. Na leseni ni ile ile, chuo chochote."

Usibishane juu ya heshima ya chuo, hapo utashindwa. Zungumzia miaka na pesa. Mtu mzima aliyelipa ada anaelewa maana ya kulipa mara mbili.

Kuomba na kuthibitisha

Tangu mwaka 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja kwa kila chuo, si kwa mfumo mmoja wa TCU kama ilivyokuwa kabla yake. Maana yake unaweza kuomba vyuo kadhaa, na kila kimoja kina ada yake ya maombi. Omba vya uuguzi visivyopungua vitatu: kimoja cha juu ya uwezo wako, kimoja cha saizi yako, kimoja cha uhakika. Andika uuguzi kuwa chaguo la kwanza, usiuweke la tatu kwa kudhani utaonekana.

Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, lazima uthibitishe kimoja kwa namba maalumu utakayotumiwa kwa simu au barua pepe, ndani ya muda uliowekwa. Tumia namba ya simu iliyo yako, si ya rafiki, na usiibadilishe miezi hiyo. Ukithibitisha kwa papara, uwezekano wa kufuta upo, lakini una muda wake, usiuchezee. Awamu ya kwanza ikipita bila kupata, awamu nyingine hufunguliwa, ingawa viti vya afya ndivyo vinavyojaa mwanzo.

Baada ya hapo kuna jambo moja ambalo barua ya kujiunga hulitaja mwishoni, na watu hulisoma wakiwa tayari wameshafunga masanduku. Utashika damu na sindano, kwa hiyo unahitaji chanjo ya homa ya ini aina ya B. Ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu ikifika miezi sita tangu ile ya kwanza. Ukianza mara tu matokeo yanapotoka, utafika chuoni ukiwa na dozi mbili mwilini. Weka kadi ya chanjo pamoja na vyeti, na uulize siku ya kuripoti ya tatu utachomwa wapi.